Koili ya Nne

Tarehe 4 Machi

Dada yangu,

Ile koili niliichukua mimi. Hukuitupa wewe. Nimeliweka hili juu kabisa, kabla ya salamu, kwa sababu najijua: nikianza na salamu nitasalimia ukurasa mzima, halafu niage.

Sasa salamu. Hujambo? Shemeji na goti lake wanaendeleaje? Mpwa wangu amemaliza uuguzi au bado? Hapa tuko salama. Mama anakula, anatembea mpaka mlangoni na kurudi, ila masikio ndiyo yamekwisha kabisa. Mwaka wa sita huu hasikii hata radi. Nikitaka kumwambia kitu naandika kwa herufi kubwa kwenye boksi lililochanwa, anasoma, anacheka mwandiko wangu. Simu yangu hupokei na sikulaumu, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Sababu ya kuandika ni hii. Mwezi uliopita alikuja mteja, daktari wa meno mstaafu anayekusanya mitambo ya zamani. Akafungua buti la gari, nikaona mtambo wa Baba. Ule ule, Dada. Ile shule Baba aliyoiachia mtambo wamesafisha stoo, wameuza. Upo mtambo wa kurushia, ipo redio yake ya kupokelea, na lipo lile sanduku la mbao la koili, zile nyaya za shaba zilizosukwa, lenye matundu manne. Matatu yana koili. La nne ni tupu, na mwandiko wa Baba wa penseli bado unasomeka chini yake: "ya mchana".

Daktari akaliangalia tundu lile, akasema, "Fundi Goli, mimi pengo silipendi. Nijazie."

Unajua mtaa mzima mpaka leo unaniita Goli? Wanafikiri wananisifia.

Naandika kama vile hukuwepo, maana nikiruka kipande nitajidanganya. Ile Jumapili ilikuwa fainali ya shule. Baba alikuwa ameniahidi kuja kuniangalia. Asubuhi akasema, "Haiwezekani, saa kumi nina kaka yako." Kila Jumapili saa kumi alasiri ilikuwa Kaka, Kaka, Kaka, yuko peke yake kwenye kituo cha hali ya hewa huko mlimani. Nikasema moyoni, koili ya mchana isipokuwepo Baba hataweza kurusha saa ile, na asipoweza kurusha atakuja uwanjani. Ndiyo akili ya miaka kumi na sita. Wewe ulipomaliza kufagia chumba cha redio, nikaingia, nikaichomoa, nikaitia kwenye begi la viatu.

Tulishinda mbili moja. La pili nilifunga mimi. Baba hakuja.

Niliporudi nikakuta umesimama uani unalia, Baba anasema umeifagia ukaitupa. Niliogopa. Nikaenda nyuma ya choo, nikaufumua ule waya wote, kitako kilichosukiwa nikakitumbukiza shimoni. Jumanne ikaja habari ya kifo cha Kaka. Baada ya hapo ningesema nini, na ningeanzia wapi?

Ulitoka nyumba hii na begi moja. Kwenye msiba wa Baba ulifika mpaka mlangoni, Mama akakutazama, ukageuka. Mpaka leo Mama hakuiti jina. Anasema "yule aliyefagia". Na mimi nakuwa nimekaa hapo hapo, nakunywa chai.

Koili zote ulizisuka wewe, vidole vyako vilikuwa vyembamba na Baba macho yalishaanza kufifia. Hakuandika popote. Alisema, "Daftari langu ni binti yangu." Nimejaribu mizunguko kumi na saba, kumi na nane, ishirini, haikubali. Ya mchana ilikuwa mingapi?

Mdogo wako


Tarehe 9 Aprili

Mdogo wangu,

Salamu zimefika. Shemeji yako goti linamuuma asubuhi tu, jioni anatembea kwenda kucheza bao kama kijana. Binti amefaulu, ameanza kazi wodi ya watoto. Mimi nashona sare za shule, msimu huu ni wa sweta, macho yananiwasha.

Barua yako imekaa chini ya cherehani siku ishirini na mbili. Niliifungua mara moja.

Namba siikumbuki.

Mwambie daktari wako aishi na pengo, wangapi wanaishi nalo. Ukimaliza hizo tatu, mpe vyake aondoke navyo.

Nataka unijibu jambo moja. Hiyo redio ya kupokelea, umeshaiwasha Jumapili?

Dada yako


Tarehe 22 Aprili

Dada,

Hongera kwa binti. Mwambie mjomba wake amefurahi, na asichoke, watoto wanalia hata wakiwa wazima. Mama nilimwandikia kwenye boksi kwamba mjukuu amekuwa muuguzi. Akasoma. Akauliza, "Mjukuu yupi?" Nikaandika. Akaligeuza boksi chini juu, akaliweka mezani. Lakini hakulitupa.

Umejuaje habari ya Jumapili?

Nilikuwa sijamwambia mtu. Nilikuwa nafanya kazi siku za wiki tu. Nimebadilisha taa mbili za ndani ya redio zilizoungua, nimesafisha kutu, nimeunga upya waya wa antena kupitia dirisha lile lile. Kituo cha kazi nimekiweka chumba cha Baba, si unajua ndicho chenye meza ndefu. Jumapili ya tarehe kumi na nne nikasema ngoja nisikilize tu redio inashika nini. Mtambo wa kurushia umezimwa, sanduku limefungwa, tundu la koili tupu. Nikasikia makelele ya hewa, kama mtu anayekaanga kitu chumba cha pili.

Saa kumi ikaanza.

Milio mirefu miwili. Mfupi mmoja. Halafu mrefu wa mwisho.

Unakumbuka Baba alivyotufundisha: redio ni kama mlango. Unabisha hodi kwa alama ya mwenye nyumba, unanyamaza, unasubiri akuitikie. Hata kama una shida ya kufa, neno lako husemi mpaka uitikiwe, maana unaongea na ukuta. Ile ilikuwa hodi ya nyumba yetu, Dada. Alama ya Baba. Alama ilifutwa alipokufa, barua ya kufutwa ninayo mimi.

Nikajiambia ni mtu anachezea, dunia ina wengi. Nikaketi. Ikabisha, ikanyamaza, ikabisha, mpaka saa kumi na moja na dakika ishirini. Ule mrefu wa mwisho anauburuta, kama mtu anayevuta kiti sakafuni. Na kila inavyoendelea anauburuta zaidi. Mwishoni kabisa hakuumaliza.

Jana ikaja tena. Saa ile ile, ikaishia dakika ile ile. Safari hii nilichomeka koili niliyoisuka, mizunguko kumi na tisa, nikawasha mtambo nijaribu kuitika. Sindano ikapanda, ikatetemeka, ikafika karibu kabisa, halafu ikaanguka. Ishirini inapitiliza. Nikachomoa koili, ilikuwa ya moto. Hilo ni la kawaida. Leo Jumatatu mchana nimeishika ipo kwenye droo, bado ni ya moto.

Tafadhali, kumbuka. Jaribu kukumbuka.

Mdogo wako


Tarehe 3 Juni

Dada,

Sina jibu lako na nimeacha kumuuliza mtu wa posta, maana juzi aliniambia, "Fundi, ningekuwa nayo, ningeificha ya nini?" Natumaini mko wazima wote. Hapa tuko wazima, kama hili ninalotaka kukuandikia ni uzima.

Baada ya barua ile niliogopa. Jumapili moja nilichomoa redio kwenye umeme, nikateremsha waya wa antena, nikauzungusha kwenye msumari. Nikafunga chumba kwa ufunguo. Nikaenda kukaa na Mama sebuleni, nikamwekea chai.

Saa kumi Mama aliacha kunywa. Akaweka kikombe chini. Mkono wake wa kulia ukaanza kugonga kwenye mbao ya kiti: mirefu miwili, mfupi mmoja, halafu kidole kinaburuta.

Mama hajawahi kujifunza kugonga alama za redio. Alikuwa akituchokoza, anasema baba yenu na kaka yenu wanaongea kama kuku wanaodonoa bati. Na yeye ndiye asiyesikia radi.

Nikachukua boksi nikaandika: UNAGONGA NINI? Akasoma, akaniangalia kama mimi ndiye niliyepungukiwa.

"Sigongi. Kuna mtu mlangoni. Nenda kafungue."

Nilikwenda, Dada. Hata wewe ungekwenda. Nilifungua mlango wa mbele, barabara tupu, mbwa wa jirani amelala kivulini. Nikarudi. Bado anagonga. Nikamshika mkono. Chini ya mkono wangu vidole vikaendelea, na mkono ulikuwa wa baridi kama umetoka nje mlimani. Saa kumi na moja na ishirini ukatulia, Mama akachukua chai yake, akalalamika imepoa.

Tangu siku ile ni kila Jumapili. Na kila Jumapili ananiambia, "Nenda kafungue," na sasa ameanza kuongeza, "Au nawe unamfungia kama yule aliyefagia?"

Hajui alilosema. Au anajua.

Mwisho wa yote nimerudisha antena juu. Afadhali ibishe kwenye redio kuliko kwenye mkono wa Mama. Ikibisha kule, kwake inatulia.

Daktari anakuja kuchukua mtambo wake Jumatatu tarehe kumi na tano Julai, pengo limejazwa au halijajazwa. Baada ya hapo sitakuwa na kitu cha kuitikia.

Kama hutaki kunisamehe, usinisamehe. Namba siiombi kwa ajili yangu.

Mdogo wako


Tarehe 18 Juni

Goli,

Sijakuita hivi tangu siku ile, na leo nakuita makusudi.

Sisi ni wazima. Shemeji yako anakusalimu, ameniona nimekaa na karatasi siku tatu akaniuliza, "Unaandika barua au unaandika Katiba?" Basi uzima ndio huo, tuendelee.

Kwanza, unakiri kitu ninachokijua. Nilikuona. Nilikuwa dirisha la jikoni, wewe nyuma ya choo umezungusha waya mkononi kama uzi wa tiara. Jua lilikuwa linaingia kwenye ile shaba, inang'aa mpaka nikafumba jicho. Ningeweza kupiga kelele moja tu. Nikasema, ni mtoto, ameogopa, atasema kesho. Kesho ukanyamaza. Jumanne ikaja ile habari, nikaona ukisema sasa utakufa, nikasema ngoja upite huu mwezi. Nilikungoja, mdogo wangu. Nimekungoja mpaka nimekuwa na meno ya bandia.

Pili, umeniuliza nimejuaje Jumapili. Mimi cherehani siigusi Jumapili saa kumi. Watu hapa wanafikiri ni dini. Zamani nilikuwa nashona siku zote, mpaka nikaona miguu yangu inakanyaga yenyewe, miwili mirefu, mmoja mfupi, na mshono unatoka hivyo hivyo kwenye kitambaa. Sweta moja ya shule niliifumua mara nne. Nakuuliza na usinidanganye: ule wa mwisho, anapouburuta, kabla hajauacha kuna kimguso kidogo, kama mtu amejikwaa? Kama kipo, ni yeye. Alikuwa hivyo akichoka, tangu mdogo.

Tatu ndilo lililonifanya nikae siku tatu.

Wewe ulikuwa uwanjani, Mama alikuwa kwa jirani. Chumbani tulikuwa wawili, mimi na Baba, na Kaka upande wa pili. Hodi inakuja, Baba anaisikia, hana cha kuitikia nacho. Alikuwa ameshanizaba kofi mbele ya mafundi wawili waliokuja kuazima ngazi. Mbele za watu, Goli, na mimi nina miaka ishirini, nimeshachumbiwa. Wale wakaondoka. Saa kumi na nusu hivi Baba akasimama, sauti imembadilika. Akasema, "Huyu mkono wake si mzima. Hajawahi kubisha hivi." Akafungua droo, akatoa kitako kingine na waya mpya, akaniwekea mbele. "Binti yangu, nisukie nyingine. Ni dakika ishirini. Mingapi ile?"

Nikamwambia, "Sikumbuki."

Nilikuwa naikumbuka kama jina langu. Shavu lilikuwa bado linawaka. Nikasema moyoni, nawe uonje kidogo. Nilidhani Kaka anataka tu kuulizia matokeo ya mpira wako.

Baba hakunipiga tena. Alinitazama, na aliona kwamba nakumbuka. Wewe unajua alivyokuwa akisikia taa ya redio inayotaka kuungua kabla haijaungua. Akakaa, akasikiliza mpaka ile dakika. Jumatatu, posta ilipofunguliwa tu, alikwenda kupiga simu ya upepo kwa watu wa mlimani, wakafika Jumanne. Walisema alianguka kwenye mlingoti wa vipimo, nyonga ikavunjika, akajikokota mpaka kwenye mtambo. Laini ya simu ilikuwa imekatika. Kubisha alikuwa anaweza. Alikuwa anangoja aitikiwe ndipo aseme shida yake, kama alivyofundishwa.

Baba hakumwambia mtu neno langu. Watu wote walidhani aliacha kusema nami kwa sababu ya kufagia. Alinifichia mpaka kaburini, na mimi nikakuacha wewe peke yako ujione mwenye dhambi, ingawa wewe hukujua kama nakuacha. Ndiyo maana msibani Mama aliponitazama niligeuka. Sikugeuka kwa sababu nilionewa.

Ni kumi na tisa na nusu.

Kitako kile kilikuwa na mguu mmoja umevunjika, kwa hiyo waya haukuweza kuteremkia pale ulipoanzia. Niliupeleka mpaka mguu wa upande wa pili. Ndiyo nusu yenyewe. Vunja mguu wa kwanza wa kitako chako, utaona.

Lakini nisikilize mimi mkubwa wako. Hodi mtu huijibu kwa neno moja, na neno lile linafungua mlango. Aliyebisha miaka thelathini na miwili, ukimwambia karibu, umefikiria ni nani anayeingia, na anaingia wapi? Kwenye redio? Au kwenye kile kiti, kwenye mkono wa mama yetu?

Fikiri. Na langu usimwambie Mama. Hilo ni langu, nitalibeba mwenyewe mpaka nitakapolileta kwake.

Dada yako


Tarehe 1 Julai

Dada yangu,

Shemeji mwambie Katiba imefika, imepitishwa bila kupingwa. Binti salamu. Mama mzima.

Kile kimguso kipo. Jana nilikaa nikakisikiliza. Kipo kila mara, na baada ya saa kumi na moja vinakuwa viwili.

Nilisoma barua yako chumbani kwa Baba nimefunga mlango, na nilipofika ile "sikumbuki" nililia. Sikukulilia wewe, usikasirike. Nililia kwa sababu ile dakika ishirini nilikupokonya mimi. Nisingeichukua koili usingepigwa kofi, na usingepigwa ungesuka hata kwa kufumba macho. Usije ukaniambia tugawane. Lako libaki lako kama ulivyosema, lakini langu ndilo lililotangulia kuingia chumbani.

Nimevunja mguu wa kitako. Nimesuka kumi na tisa na nusu, nikahesabu kwa sauti kama ulivyokuwa ukihesabu. Sijaichomeka. Niliiweka kwenye tundu la nne la sanduku, mwandiko wa Baba chini yake, na Dada, ilikuwa ya baridi. Ndiyo ya kwanza kuwa ya baridi tangu Aprili.

Kuhusu onyo lako. Nimefikiri siku nyingi kuliko nilivyowahi kufikiri kitu, na unajua mimi kufikiri si fani yangu. Sijui ni nani anayeingia. Naogopa, nisikudanganye, juzi nimelala na taa. Ninachojua ni kwamba hii ni nyumba yake, na aliyemfungia mlango ni mimi.

Mwanzo nilitaka kuitikia peke yangu, Mama asijue, halafu nimpe daktari mali yake. Nikajiona: ni nyuma ya choo tena. Kwa hiyo nimepanga hivi.

Jumapili tarehe kumi na nne Julai, saa tisa na nusu alasiri, nitambeba Mama na kiti chake mpaka chumba cha Baba. Boksi nimeshaliandika, limekaa juu ya kabati, kubwa kabisa ili asije akasema hakuona vizuri: ALIYECHUKUA KOILI NI MIMI. BINTI YAKO HAKUTUPA KITU. KAKA ALIKUWA ANABISHA NA MIMI NDIYE NILIYEFUNGA. Nitamshikia mbele ya macho mpaka amalize, na nitabaki hapo hapo chochote atakachofanya. Lako halimo.

Nitaweka na kiti cha pili, kile cha kamba ulichokuwa ukikalia ukisuka. Basi linalotoka kwenu Jumamosi asubuhi linafika hapa jioni ile ile, mlango wa mbele nitauacha wazi tangu Jumamosi na sitaufunga usiku. Ukija usibishe hodi. Ingia tu.

Saa kumi, Kaka atakapoanza, nitachomeka koili ya nne, nitawasha, nitangoja sindano isimame. Halafu, mbele ya Mama, na mbele yako au mbele ya kiti chako, nitagonga karibu. Nitagonga mara moja, nitatoa mkono, nitamwacha aseme shida yake mpaka mwisho, na nitaiandika yote neno kwa neno hata ikipita saa kumi na moja na ishirini.

Mdogo wako